Nusu ya Pili ya Njia: Mwongozo wa Kutembea Golden Canyon na Gower Gulch

Kwa ndugu yangu unayeishi Las Vegas, Los Angeles au Phoenix, na kwa wewe uliyekuja Marekani kumtembelea dada au mjomba na umeshachoka kuzungushwa madukani: omba siku moja ya gari. Mwendo wa saa mbili hivi kutoka Las Vegas unakufikisha Death Valley, Bonde la Mauti, hifadhi ya taifa iliyolalia zaidi upande wa California na kipande chake kidogo kikaingia Nevada. Ndani yake kuna njia ya miguu ya kilomita 7. Inaingilia korongo la Golden Canyon, inavuka vilima vya udongo wa manjano, inateremkia korongo la pili liitwalo Gower Gulch, kisha inakurudisha palepale ulipoegesha gari.

Nusu ya kwanza ya njia hiyo inajulikana sana. Watu hufika hadi kwenye genge jekundu, wakapiga picha, wakageuka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya nusu ya pili, ambayo niliitembea asubuhi nzima ya siku ya kazi nikakutana na watu wanne tu.

Msimu na maji

Nianze na msimu, maana hapa hakuna mjadala. Nenda kati ya Novemba na katikati ya Machi. Mwezi wa Desemba joto la mchana huwa nyuzi 18 au 20, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 4 hivi, na kutembea ni raha tupu. Julai wastani wa joto la mchana ni nyuzi 47. Hapo Furnace Creek, kilomita chache kutoka mwanzo wa njia hii, ndipo ilipopimwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, na hadi leo hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha joto la hewa kinachotambuliwa duniani.

Mtu wa Dar au wa Mombasa anaweza kudhani joto analijua. Joto la pwani ni la jasho: shati linatota, unahisi maji yakikutoka, kiu inakuja mapema. Hapa hewa ni kavu mno hata jasho linakauka kabla hujaliona. Shati linabaki kavu, unajiona mzima, na dalili pekee ni ule mstari mweupe wa chumvi kwenye kola. Ukiuona, tayari umeshachelewa kunywa.

Julai 2023 mtembeaji mmoja aliyekuwa ametoka kwenye njia za eneo hili alianguka na kufariki maegeshoni pa Golden Canyon, nje ya choo. Helikopta ya uokoaji haikuweza kuja kwa sababu ya joto lenyewe: hewa ikipata moto sana inakuwa nyepesi, na mapanga ya helikopta yanakosa cha kushika. Ndiyo maana wasimamizi wa hifadhi huwaomba watu msimu wa joto wasitembee kabisa mabondeni baada ya saa nne asubuhi. Mimi naongeza langu: msimu wa joto usiende hata kabla ya saa nne. Korongo hili litakusubiri hadi Novemba.

Maji ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kwa mzunguko huu wakati wa baridi beba lita 3 mgongoni na uache nyingine garini. Mara ya kwanza nilikwenda na shemeji yangu, mwishoni mwa Machi, siku iliyokuwa na joto kuliko tulivyotarajia. Alibeba chupa moja ya nusu lita. Nilipomwambia aongeze, akanijibu, “Kilomita saba, shem? Sisi kwetu Same tulikuwa tunazitembea kwenda gulioni na kurudi, na mzigo kichwani.” Alisema kweli, na miguu yake ilikuwa imara kuliko yangu. Lakini njia ya gulioni ina nyumba, ina mti, ina mtu wa kumwomba maji. Tulipofika katikati ya Gower Gulch alikuwa ameacha kuongea. Midomo ilikuwa imepauka na kupasuka, akawa anakaa kila penye kivuli cha upana wa mtu mmoja. Nikagawana naye maji yangu, na tukafika garini sote wawili tukiwa hatuna hata tone, kichwa kikiniuma hadi usiku. Tangu siku ile sianzi safari hii kabla sijamwona kila mtu akifungua begi lake na kunionyesha chupa zake. Mkubwa kwa mdogo.

Maji matupu nayo hayatoshi. Chukua kitu chenye chumvi: karanga zilizokaangwa kwa chumvi, bisi, au pakiti ya ORS uliyoikoroga kwenye chupa moja. Tende ni nzuri sana kwa njia hii, haziharibiki na hazipondeki begini. Miguuni vaa raba zenye soli ya meno au buti, kwa sababu chini kuna changarawe inayoteleza. Kofia iwe pana. Na usidharau kanga au kikoi: asubuhi kinakukinga baridi, mchana unakifunika shingoni, na ukikilowesha kidogo kinapoza damu kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kufika

Kutoka Las Vegas pitia Pahrump, na hapo jaza mafuta na ununue chakula, kwa kuwa ndani ya hifadhi kila kitu ni ghali na vituo ni vya kuhesabu. Endelea hadi Death Valley Junction, shika barabara namba 190 kuingia bondeni. Utapita Zabriskie Point upande wa kushoto, na kama ni alfajiri utaona watu wamejipanga na kamera zao. Pita tu, pale tutarudi jioni. Karibu na Furnace Creek kata kushoto kwenye barabara ya Badwater, nenda kilomita 3 na kidogo, na maegesho ya Golden Canyon utayaona kushoto. Kiingilio cha hifadhi kimekuwa dola 30 kwa gari, kinadumu siku 7, nacho unakilipa kwenye mashine za barabarani au kituo cha wageni Furnace Creek. Hakikisha bei na hali ya njia siku moja kabla, kwenye tovuti ya hifadhi. Vyoo vya shimo vipo maegeshoni. Maji ya bomba hayapo. Mtandao wa simu ukiingia makorongoni sahau, hivyo ramani ipakue mapema, na mwambie mtu aliyebaki nyumbani saa unayotarajia kutoka. Mbwa haruhusiwi kwenye njia hii.

Ondoka Vegas saa kumi alfajiri. Ukifika jua linapochomoza, utakuwa na korongo zima kwa muda wa saa moja kabla ya magari mengine kujaa, na kuta za mashariki zitakuwa bado zinakupa kivuli. Wapo wanaopendelea kuanza alasiri, wapande Gower Gulch kwanza na kumalizia Golden Canyon jua likipiga kuta kutoka magharibi. Rangi zinapendeza zaidi hivyo, siwezi kubisha. Ila giza likikukuta kwenye vilima, vijia vyote vinafanana. Kwa mgeni nasema asubuhi.

Kuingia

Unaposimama kwenye kibao cha mwanzo uko karibu mita 50 chini ya usawa wa bahari. Mlima wote utakaoupanda hauzidi sana mita 200. Bila haraka, mzunguko ni saa tatu hadi nne.

Hatua mia za kwanza angalia chini, utaona vipande vya lami vimening'inia pembeni mwa korongo. Hapa palikuwa na barabara ya magari. Februari 1976 mvua ilinyesha siku nne, jumla yake milimita 58 tu, kiasi ambacho Tanga wangekiita mvua ya alasiri moja. Ikaizoa barabara nzima, na wasimamizi wakaamua isijengwe tena. Naishukuru mvua ile kila ninapopita. Ichukue kama ufunguo wa kulisoma eneo lote hili: katika nchi isiyopata hata milimita 60 za mvua kwa mwaka wa kawaida, kila unachokiona kimechongwa na maji.

Na si kuchongwa tu. Kuta zenyewe ni za maji. Miaka mamilioni iliyopita, kabla bonde hili halijazama lilivyo leo, palikuwa na ziwa. Tope lilitua chini yake mwaka hadi mwaka, likachanganyika na kokoto kutoka milimani na majivu ya volkano zilizokuwa zikiwaka jirani. Tope likaganda, likawa jiwe. Kisha ardhi ikasukumwa na kuinamishwa, ndiyo maana tabaka hazilali tena: zimesimama upande, mithili ya chapati zilizopangwa kwenye hotipoti na hotipoti likainuliwa upande mmoja.

Tembea taratibu ukiangalia kuta za kushoto na kulia hadi uone ubao wa jiwe uliosimama, wenye vijifereji vyembamba vilivyopangana sawasawa. Weka kiganja chako juu yake. Ukivivuka utahisi matuta madogo madogo, na ukifuata mkondo wake kidole kinateleza. Hivyo ni viwimbi vya maji ya kina kifupi, ni vilevile unavyovikanyaga ufukoni Bagamoyo maji yakishapwa, ila hivi vimekauka vikabaki, halafu sakafu ya ziwa ikageuzwa ukuta. Nilimpeleka mama yangu mdogo pale, mtu wa Kilwa, aliyekulia kuokota chaza. Alisimama muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya jiwe. “Mwanangu,” akaniambia, “hapa palikuwa na pwani.” Sikuwa nimemwambia lolote bado.

Manjano ya kuta hizi inatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye tope. Chuma hichohicho, kikishika kutu zaidi, kinaleta wekundu utakaoukuta mbele. Wenyeji wa bonde hili ni Watimbisha wa kabila la Shoshone, na jina lao lenyewe linatokana na udongo mwekundu wa mawe waliojipaka tangu zamani. Wangali hapa. Kijiji chao kiko Furnace Creek, na sheria ya mwaka 2000 iliwarudishia sehemu ya ardhi ya mababu zao. Ukisikia mtu akilieleza bonde hili kana kwamba halina watu, msahihishe.

Pembeni mwa korongo kuna vichochoro vyembamba vinavyoingia kati ya kuta. Viwili vitatu viingie, havina urefu, na ndani kuna ubaridi na utulivu hata siku yenye watu wengi. Lakini usipande kuta. Jiwe hili ni tope lililokauka, linamomonyoka mkononi, na kupanda ni rahisi kuliko kushuka.

Wanapogeuka wengine

Baada ya kilomita 1.6 hivi unafika panapogawanyika, kuna kibao. Mbele moja kwa moja ni Red Cathedral, genge refu jekundu lenye mikunjo mikunjo kama pazia. Ni karibu mita 800 kwenda, sehemu ya mwisho unapita kwa kuinama chini ya miamba na kushika kwa mikono. Nenda, kisha urudi kibaoni. Inakuongezea kilomita 1.6 hivi kwa jumla, na ule wekundu umesimama nyuma ya vilima vya manjano, chini ya mbingu ya samawati isiyo na wingu, ni kitu cha kukitazama kwa macho yako mwenyewe. Aliyewahi kufika Marafa, kule Magarini karibu na Malindi, na kuona ule udongo mweupe, wa waridi na mwekundu ulivyochongwa, ataona jamaa yake wa karibu, mkavu zaidi na mkubwa zaidi.

Ukirudi kibaoni utawaona wengine wote wakishuka walikotoka. Wewe kata kushoto.

Kijia kinapanda vilima vya udongo vilivyo wazi, mwinuko wa kukufanya uhesabu pumzi. Juu yako kinasimama kilele chembamba kama ncha ya mkuki, Manly Beacon. Jina hilo ni la William Lewis Manly. Mwishoni mwa 1849 kundi la familia zilizokuwa zikifuata dhahabu California zilikwama humu na mikokoteni yao. Manly na mwenzake John Rogers, vijana wawili, waliondoka kwa miguu kutafuta msaada, na baada ya karibu mwezi mzima wakarudi na chakula. Wangeweza kutorudi. Nikifika chini ya kilele hiki nakaa kidogo kwa ajili yao, na napendekeza nawe unywe maji hapa, iwe una kiu au huna.

Sasa tazama vilima vinavyokuzunguka. Havina jani. Si ukame peke yake. Udongo huu wa mfinyanzi ukilowa unavimba na kujifunga, maji hayazami, yanateleza juu yake na kukata vifereji vingi vinavyoshuka kama mikunjo ya kanzu. Mbegu inayoangukia hapa haipati pa kushika. Kwa sababu hiyohiyo alama ya kiatu nje ya njia inadumu muda mrefu, na utaziona za watu waliopanda migongo ya vilima kutafuta picha. Usiongeze yako. Isitoshe, vijia hivyo vya pembeni ndivyo vinavyopoteza watu: vinaishia kwenye ukingo, na kurudi ukiwa umechoka ni tabu. Tafuta vibao na nguzo, na ukipita muda mrefu hujaona hata kimoja, rudi hadi cha mwisho ulichokiona.

Ukishavuka mgongo wa vilima unateremka hadi kwenye kibao kingine. Kushoto ni njia ya kupanda Zabriskie Point kwa miguu. Ukiichukua na kurudi, pamoja na Red Cathedral, siku yako itakuwa ya kilomita 12.5. Mimi siichukui, kwa kuwa Zabriskie ina barabara. Kulia, kufuata mteremko, ni Gower Gulch.

Laga la kijivu

Hapa ndipo pangu. Korongo linaanza likiwa pana, sakafu yake ni changarawe, na ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya wangelitambua mara moja: ni laga, mto wa mchanga usio na maji hadi siku unapokuwa nayo. Sauti za Golden Canyon zimekatika nyuma ya vilima. Kunguru akipita juu, unasikia upepo ukipasuka kwenye manyoya yake. Ni kunguru mweusi kote, mkubwa kuliko wetu wa pwani, na asiye na haraka. Ukisimama, hata mlio wa changarawe chini ya viatu vyako unakoma, na hapo unaelewa ni kelele kiasi gani ulikuwa umeibeba kutoka mjini.

Kwenye kuta utaona mishipa na magamba meupe. Katika bonde hili kuna boraksi, unga mweupe unaotumika kwenye sabuni na kutengenezea vioo, na ndiyo iliyowaleta wachimbaji. Kiwanda cha Harmony, kaskazini kidogo ya Furnace Creek, kilifanya kazi tangu 1883 hadi 1888, na mzigo wake ulivutwa kwa mikokoteni hadi reli ya Mojave, kilomita 265, na misafara ya nyumbu ishirini. Nasema nyumbu wa kuzaliwa na punda na farasi, si wa Serengeti. Korongo hili limepewa jina la Harry Gower, na Zabriskie Point la Christian Zabriskie, wote watu wa kampuni ya boraksi ya Pacific Coast. Midomo ya mashimo waliyochimba bado iko kwenye kuta. Usiingie hata hatua mbili. Dari ni la tope lilelile linalomomonyoka mkononi.

Sasa chuchumaa, okota jiwe moja kutoka sakafuni na ulilinganishe na ukuta. Ukuta ni wa manjano, laini, ukiukwaruza kwa kucha unaacha vumbi. Jiwe ni la kijivu au jeusi, gumu, limeviringika kwa kusukumwa mbali. Halikuzaliwa hapa. Limetoka milima ya Funeral, mashariki. Mwaka 1941 watu waliukata mkondo wa Furnace Creek na kuugeuzia huku Gower Gulch ili mafuriko yasiipige makazi ya Furnace Creek. Korongo lililokuwa likipokea maji ya vilima vyake tu likaanza kupokea ya eneo kubwa, na tangu hapo mafuriko yamekuwa yakilichimba na kulimwagia mawe ya ugenini. Watu hukiangalia kitu cha jangwani wakadhani kimekaa hivyo milele, kumbe sakafu uliyochuchumaa juu yake ina umri wa babu yako. Mimi jambo hili linanigusa kuliko rangi zote za Red Cathedral. Jiwe lirudishe ulipolitoa, sheria ya hifadhi hairuhusu kulichukua.

Hiyo pia ndiyo sababu ya kuogopa mvua hapa kuliko mahali pengine popote kwenye njia. Maji yanaweza kuanguka mbali milimani, juu yako mbingu ikiwa safi, na yakakukuta kati ya kuta. Tarehe 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga milimita 56 kwa siku moja, karibu sawa na mvua ya mwaka mzima, na hifadhi ikafungwa hadi katikati ya Oktoba. Utabiri ukitaja mvua ya radi popote karibu, ahirisha. Ukiwa ndani na mawingu yakakusanyika mashariki, usikimbilie kutoka kwa kufuata korongo. Panda pembeni, mahali pa juu palipo imara, ungoje.

Kadiri unavyoshuka kuta zinasogeleana, na korongo linajipinda kiasi kwamba huoni zaidi ya hatua ishirini mbele. Halafu ghafla sakafu inakatika. Mbele yako ni maporomoko makavu, mita 9 hivi kwenda chini, na kupitia mdomo wa korongo unaliona bonde lote likimeta. Usijaribu kushuka hapo, hata kama utaona mtu akijaribu. Kabla tu ya ukingo, kulia kwako, kijia chembamba kinashika ubavu wa genge. Kina upana wa mtu mmoja. Weka bega la kulia karibu na ukuta, simu mfukoni, mtoto mbele yako umshike mkono, na anayetoka upande wa pili mpishane pale penye nafasi. Ni sehemu fupi. Mama mdogo aliipita akiwa amevua miwani ya jua ili aone vizuri anapokanyaga, akaniambia nisimsemeshe hadi afike mwisho.

Baada ya hapo umetoka. Inabaki kilomita 1.6 hivi kuelekea kaskazini, milima ikiwa kulia kwako na barabara kushoto, kijia kikipanda na kushuka kwenye miguu ya vilima. Kivuli hakuna, na wengi huikimbia sehemu hii. Ipunguzie mwendo. Kushoto kwako chumvi nyeupe inaelekea Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, na ng'ambo yake Telescope Peak imesimama mita 3,368 juu, wakati wa baridi ikiwa na theluji. Vyote viwili unaviona kwa mtazamo mmoja. Maji uliyobakiza yanywee hapa, ile chupa nyingine inakungoja garini.

Ukishapumzika na kula, rudi kwa gari hadi Zabriskie Point jua likianza kulalia magharibi. Kutoka maegeshoni ni mwendo mfupi wa njia iliyotengenezwa, hata mzee anafika. Kulia utaitambua ncha ya Manly Beacon. Kisha tafuta chini kati ya vilima vya manjano mstari wa kijivu unaojipenyeza na kupotelea nyuma ya kona. Mwonyeshe uliyekuja naye kwa kidole, polepole, hadi auone: pale ndipo mlipopita asubuhi.